Majina ya Matinyani Yaliyoitwa Kibwezi

Kibwezi, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Nduku mwanangu,

Salamu nikuandikie za nini, na asubuhi tumekunywa chai meza moja? Ulikunywa nusu kikombe, ukasema unaenda ofisini kukabidhi funguo, ukatoka. Nikabaki naangalia ile nusu. Nimeona niandike kwa sababu nikifungua mdomo mambo yanazidi, unanijua. Mtu akiniuliza saa, namhadithia simba niliyemnyang'anya swala. Kwa kalamu angalau mkono unachoka kabla chumvi haijazidi.

Mambo ya sweta, ya kuficha nauli kwenye soksi, na ya kutomwamini mtu anayekuita "dada" stendi, mama yako mdogo ameshayasema, na akisema yeye, limesemwa. Sitayarudia.

Mimi, kama ujuavyo, niliishia darasa la tano. Si akili iliyonishinda. Mwalimu mwenyewe alisema nikiendelea atakosa la kunifundisha, na kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha nikamwonea huruma nikatoka. Kwa hiyo nikikosea herufi usicheke. Lakini nataka ujue kwamba siku ile uliponieleza mambo ya kompyuta, nilielewa kila kitu. Watu wa ofisini kwenu hawakuelewa. Mimi nilielewa.

Begi lako liko chini ya kitanda, nimeliona. Tena nimesikia ulimuuliza Abdi basi la Nairobi linapita saa ngapi. Hukumuuliza la Kitui. Unamjua Abdi, mwenye lori na duka la kona, ambaye baba yake alishuka kutoka Garissa na ngamia wawili na leo hii wana malori. Hafichi kitu yule. Aliniita nikipita.

"Mzee Muli, binti yako anakwenda Nairobi moja kwa moja? Hapiti kwa nyanya yake?"

"Atapita," nikasema, haraka, kama mtu aliyeulizwa kama ameoga.

"Basi mbona hakuuliza basi la Kitui?"

Nikanunua kiberiti, na kiberiti ninacho.

Hilo ndilo ninaloandikia. Kazi yako ya Nairobi inaanza Jumatatu, na kesho ni Ijumaa. Ukipanda la barabara ya Mombasa, jioni uko Nairobi. Ukipanda la Kitui, unalala Matinyani kwa Susu yako, mama yangu, na Jumapili unaingia Nairobi vilevile. Wewe unazikwepa hizo siku mbili, na najua kwa nini.

Tangu ile mvua ianze, mimi mwenyewe sisikii kitu. Si huzuni. Huzuni naijua, ilikaa kwetu mwaka mzima baba yako, kaka yangu, alipokufa, tukala nayo. Hii ni kama mkono uliolaliwa: uko hapo, unauona, lakini ukiubana hausemi. Nilisimama mlangoni nikatazama maji yakishuka, mvua tuliyoiomba misimu mitatu, nikasema "inanyesha," nikarudi ndani. Nyuki wangu wenyewe, wanaojua sauti yangu hata nikiwa na mafua, nimewaacha wiki mbili bila kuwatembelea.

Ngoja niandike ilivyokuwa, ndiyo ujue kwamba kuna mtu aliyeona yote na bado anakuita mwanangu.

Ofisi ya mradi ilikupa kazi ya kugawa mbegu. Ile kompyuta ilikuwa imekaa pembeni imefunikwa kitambaa kama maiti mpaka ulipokuja wewe. Ukaandika programu kwa hiyo lugha yenu ya Perl. Watu wa Kibwezi wapate ndengu, watu wa Matinyani wapate kunde, kila upande na orodha yake. Karatasi zikatoka. Ya Kibwezi ilikuwa ndefu, imejaa. Ya Matinyani ilikuwa na kichwa cha habari tu, chini yake nyeupe. Mutiso wa ghala akadhani karatasi imeharibika, akaitumia kufungia misumari. Akapakia lori kwa ile ndefu. Abdi naye akaendesha. Alipoulizwa baadaye alisema, "Karatasi inasema Kibwezi, mimi napeleka Kibwezi. Ningekuwa nabishana na karatasi ningekuwa bado Garissa."

Siku ya kugawa wewe ulikuwa ofisini. Mimi nilikuwa uwanjani, nyuma ya watu, nikiwaeleza vijana jinsi nilivyowahi kushuka mtini na mzinga mabegani huku nyati ananingoja chini, nikampigia mluzi akaniachia njia. Ni kweli tupu, lakini si ya leo. Mutiso alikuwa amepanda juu ya gunia, anaita. Nikasikia:

"Kavata wa Mbithi!"

Nikanyamaza katikati ya nyati. Kavata wa Mbithi ni mama yangu.

Mwanamke mmoja mbele akasema, "Ameenda mtoni, nitamchukulia."

"Mtoni gani?" nikapaza sauti. "Huyo ni mama yangu na yuko Matinyani!"

"Kavata ni mmoja dunia nzima?" akanijibu bila kugeuka. "Kaa chini, mzee wa nyuki."

Watu wakacheka. Wakaendelea kuitwa. Nikaanza kusikia majirani wetu wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine, watu ambao hawajawahi kufika Kibwezi hata kwa mazishi. Kila jina lilipata mtu wa kuliitikia. Njaa haina aibu, Nduku. Usiwachukie. Mtu mwenye watoto akisikia jina halina mwenyewe, ataliokota.

Mwishoni kabisa Mutiso akasoma, "Matinyani!" Kimya. Akasoma, "Kunde!"

"Niko!" akajibu Kimeu, yule wa kilabuni.

"Wewe unaitwa Kunde?"

"Baba yangu alizipenda sana."

Akapewa. Akasoma, "Kibwezi!" watu wakaangaliana. Akasoma, "Ndengu!" na hapo wakaitika watatu kwa pamoja, wakaanza kusukumana kila mmoja akidai ndilo jina lake la ubatizo. Uwanja mzima ukacheka mpaka watu wakakaa chini. Hata mimi nilicheka. Halafu nikakimbia kuja kwako, na mguu wangu huu unajua ulivyo, lakini siku hiyo nilimpita mwenye baiskeli.

Ulipofika uwanjani palikuwa na vumbi na nyuzi za magunia. Jioni ile ile mvua ikaanza. Barabara ya Mutomo, ya kwenda Matinyani, ikawa uji, lori halingepita, na usiku watu wa hapa walikuwa wameshazifukia zile mbegu. Kule Matinyani waliisikia mvua wakiwa wameshika majembe tu.

Kesho yake ulikaa mbele ya ile mashine, ukaitengeneza kwa muda ambao mimi nilichemsha chai. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, kwamba dawa ilikuwa ndogo hivyo. Nikakuuliza ni nini kilichotokea. Ofisi nzima ilikuwa imekukasirikia na hakuna aliyekuwa amekuuliza.

"Baba," ukasema, "unajua mtu unayemtuma dukani?"

"Namjua."

"Sasa kwenye programu kuna kipande unakituma kazi, halafu kinakurudishia jibu. Wenyewe wanakiita sabrutini. Mimi nilikituma kilete orodha mbili na hashi moja. Orodha ni foleni ya majina. Hashi ni vitu ambavyo kila kimoja kimefungiwa jina lake: Matinyani ni kunde, Kibwezi ni ndengu. Lakini kikirudi hakijui kubeba mafungu. Kinamwaga yote kwenye mstari mmoja. Na orodha ya kwanza inayopokea haina tumbo la kushiba, inameza yote. Ya pili inapata hewa."

"Na hashi?"

"Hashi nayo inafunguliwa kamba. Jina na kitu chake vinasimama kwenye foleni kama watu."

"Ndiyo Kimeu akawa Kunde."

Hukucheka. Ukachukua kijiti, ukanichorea sakafuni, maana sakafu ya ofisi yenu ina vumbi kuliko shamba. Orodha inawekewa alama ya herufi a iliyozungukwa na mkia wake. Hashi inawekewa alama ya asilimia. Halafu ukachora kafimbo kalikoinama kurudi nyuma, ukakaweka mbele ya kila moja. Ukasema, "Hako nilikasahau. Ukiweka hako, sabrutini hairudi na watu wenyewe. Inarudi na alama ya mahali walipo. Alama mbili haziwezi kumwagika zikawa moja."

Mimi nikasema, "Hizo ni alama za mizinga."

Ukanitazama kama mtu aliyechoka na hadithi, ukarudi kwenye mashine. Kwa hiyo sikuwahi kuimaliza. Naimalizia hapa.

Wewe umezaliwa ukikuta mizinga yetu ina alama zilizochongwa kwenye kifuniko, kila ukoo na yake, na nadhani uliona ni mapambo. Zamani nilikuwa kijana, navuna asali kwenye vilima huku kwa niaba ya watu wengi, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeweza kuingia mzingani mikono mitupu na kutoka na vidole vyote. Hilo muulize yeyote. Sasa nilitumwa na wawili safari moja. Mmoja ni Maundu wa hapa Kibwezi, mwingine ni Mzee Ndeto wa Mukuyuni. Asali ya Maundu ilikuwa nyeusi, ya Ndeto ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele. Nilikuwa na pipa moja. Nikajiambia, mimi Muli, kichwa changu ni daftari, nitajua tu. Nikamimina zote humo. Nikateremka nikiimba.

Asali haina kumbukumbu, Nduku. Ukishaimimina imekuwa moja, na ile nyeupe haipo tena popote duniani. Maundu akawa wa kwanza kufika, akaona pipa, akalibeba lote, na siwezi kumlaumu kwa sababu ni mimi niliyemwambia asali yake ni hiyo. Ndeto alipofika nilikuwa na kibuyu kilichobaki unyevunyevu. Asali ile ilikuwa ya pombe ya kupokelea wakwe; binti yake alikuwa anatolewa mbuzi wa ntheo, wale wa posa, wiki ile. Wakwe walipokelewa kwa maji. Ndeto hakunitukana. Alitikisa kibuyu, akasikiliza, akanirudishia.

Tangu hapo, nikitumwa na watu wawili sileti asali. Nazunguka mizinga yote, na kwa kila mzinga uliojaa nachonga kwenye kijiti alama ya ukoo wake. Narudi na vijiti mkononi. Namwambia mwenye mali, alama yako hii, mzinga wako uko pale na umejaa, twende. Vijiti hata nikiviweka mfuko mmoja, havichanganyiki. Ndiyo maana nilielewa kafimbo kako mara moja. Wewe ulikafikia kwa siku moja. Mimi kunikaa kichwani kulinichukua pipa la asali ya watu.

Lakini si hilo ninalotaka ulishike, hilo unalijua kuliko mimi. Ninalotaka ni la Mukuyuni.

Baada ya lile jambo sikupita tena Mukuyuni. Nikiwa na safari ya upande ule, nashuka kabla ya soko, nakata porini, natokea mbele. Watu wakiniuliza nasema kuna chui nimeahidiana naye. Nilikuwa naogopa kukutana na Ndeto, na kila nilipozunguka, kukutana naye kukawa kugumu zaidi. Mwanzoni ningemwambia neno moja tu. Baadaye ningelazimika pia kumweleza kwa nini sikulisema mapema. Ikafika mahali ingehitaji siku nzima na kondoo.

Halafu Ndeto akafa. Dereva mmoja aliniambia tukiwa tunapakia mkaa. Nikasema "pole," kama mtu anavyosema. Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya huko, na nikashuka kabla ya soko, nikakata porini, nikatokea mbele. Mtu ninayemkwepa alikuwa chini ya udongo, na miguu yangu bado ilikuwa inazunguka.

Binti yake, yule wa mbuzi, nilikutana naye hapa Kibwezi kwenye kisima. Aliponitambua alisema, "Kumbe ni wewe. Baba alikuwa kila soko anauliza kama umepita. Alikuwa na mizinga mipya, alitaka ukamkagulie." Nikamsaidia kujitwisha mtungi, akaenda zake.

Nimekuandikia bila kuongeza simba popote hapo, na utakuwa umeona.

Sasa la mwisho. Juzi nilikuambia nakwenda kuangalia mizinga. Sikwenda. Barabara imekauka, Abdi alikuwa na mzigo wa Kitui, nikapanda mbele naye nikafika Matinyani. Nilimkuta Susu amekaa nje anapukuchua mbaazi. Shamba lote nyuma yake ni magugu, majani mabichi mazuri ya kupendeza, na hakuna hata moja linaloliwa. Nilikaa. Nikaanza kumweleza kwa mahindi na maharagwe, kwamba mashine ilitumwa ilete vyungu viwili ikapika muthokoi kwenye chungu kimoja. Naona nilieleza vizuri sana. Akanikata.

"Sijauliza mashine. Nduku yuko wapi?"

"Yuko Kibwezi. Anakwenda Nairobi, amepata kazi."

"Kazi ya mashine hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Atapita?"

Nikasema sijui.

"Wewe," akasema, "unajua fisi aliwaza nini kabla hujazaliwa, na leo hujui?"

Akapukuchua maganda kadhaa. Jirani yake Syokau alikuwa amesimama kwenye ua, anasikiliza bila kujificha. Nikamwambia Susu kwamba unaona aibu, kwamba unafikiri watu wa nyumbani wanasema uliwapendelea wa Kibwezi kwa sababu unaishi huku.

"Wanasema," akajibu. "Syokau alisema. Si ulisema?"

"Nilisema," akaitikia Syokau kutoka uani. "Na akija nitamwambia usoni. Asipokuja nitaendelea kumwambia mgongoni, nifanyeje?"

Susu akaniuliza, "Hiyo mashine ameshaitengeneza?"

"Ameshaitengeneza. Sasa inatoa karatasi mbili. Nimeziona kwa macho yangu."

"Ya Matinyani ina watu?"

"Ina watu wote. Na wewe umo, wa nne."

Unajua Susu hajui kusoma. Alipangusa mikono kwenye leso, akaangalia lile shamba. Akasema, "Mwambie aje na hiyo karatasi yetu. Tutakaa hapa nje. Atatuita mmoja mmoja, na sisi wenyewe tutaitika. Baada ya hapo nitamtemea mate ya baraka, aende kwa mashine yake."

"Na mbegu je?" nikamuuliza.

"Mbegu zimeliwa na msimu. Mimi nimekuuliza Nduku."

Hayo ndiyo maneno yake yote, sikuyaongeza. Nilipokuwa napanda lori Syokau alinifuata barabarani akaniambia nikuambie usisahau kumsoma na mumewe, maana mwaka jana alirukwa.

Kwa hiyo nilipita ofisini kwenu jana nikaomba ile karatasi ya Matinyani. Mutiso alitaka kunipa ile ya misumari. Nikamkataza, nikachukua ile mpya. Ipo ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua. Imekunjwa mara moja tu.

Kesho sitakusindikiza. Nitaondoka mapema kwenda kwa nyuki, na mama yako mdogo ana zamu ya mwethya, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kupanga mawe kwenye gabioni za kuzuia mmomonyoko, kwa hiyo hutakuwa na mtu wa kukutazama ukitoka. Nimetaka iwe hivyo. Basi la Nairobi linasimama upande wa kituo cha mafuta. La Kitui linasimama mbele ya duka la Abdi, na nimemwambia akikuona upande wowote ule asiseme neno, anywe chai yake. Ukifunga mlango, sukuma kwanza ndiyo ugeuze ufunguo, maana mbao zimevimba kwa mvua.

Mimi baba yako mdogo,
Muli wa Mbithi